Shaba Iliyokuwa Chunguni

Mwanangu Zaina, bangili hii ya shaba uliyoniletea kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ni nzuri, na mkononi imenikaa sawasawa. Nitaivaa Idi. Lakini hilo ulilosema, kwamba nikiivaa niache vidonge vya presha, limenirudisha mbali, siku ambayo nusura nimuue baba yangu kwa mapenzi.

Nakumbuka yote yalianza siku yake ya kliniki. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kudakia maneno. Baba alikuwa akichoka ovyo. Kutoka nyumbani, mtaani kwetu Kasingirima, mpaka sokoni alipumzika mara tatu, yeye aliyevuta nyavu tangu ujana wake. Niliogopa, sikufichi. Mama alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na huyo ndiye mzazi niliyebaki naye.

Daktari akampima, akampa dawa za presha, kisha akaanza kutueleza habari za chakula. Akasema mwili unahitaji shaba kidogo, kwani inasaidia mishipa ya damu iwe imara na ivutike bila kudhoofika. Shaba! Mimi huyo nikanyanyuka. Si tunayo nyumbani? Nikamwacha daktari bado anaongea, na baba wa watu kaduwaa kitini.

Tulikuwa na birika la shaba nyekundu, alilovuka nalo ziwa bibi yangu kutoka Kongo. Nililisugua likang'aa, nikakamulia malimau, nikaongeza maji, nikaliacha mpaka kesho yake ili shaba ikolee. Ndiyo, ikolee! Usinicheke.

"Kunywa baba, ni dawa, daktari kasema."

Akanywa yote, kwa kuniridhisha tu, maana uso ulimkunjamana. Haukupita muda akaanza kutapika, tumbo linamkata, jasho linamtiririka. Loo! Nilipiga kelele mtaa mzima ukajaa kwetu. Tukampakia kwenye baiskeli ya jirani, mimi nyuma nimemshikilia, birika mkononi, nalia njia nzima mpaka kliniki.

Daktari alipoliona birika akashika kichwa. Akanieleza kuwa limau linaila shaba, shaba inaingia kwenye kinywaji, na ikizidi ni sumu.

"Shaba niliyoisema iko kwenye maharage, binti. Kwenye karanga, uyoga, maini. Na hicho ni chakula tu, dawa zake anaendelea kuzimeza. Ungesubiri nimalize."

Maharage! Yale yale yaliyokuwa chunguni kwetu kila siku, mimi nikiyakimbia kwa maringo, najiona mtu wa kula samaki wa migebuka tu.

Nilingoja baba anigombeze. Alipopata nafuu jioni ile alinishika mkono, akasema taratibu, "Mwanangu, umenipenda kwa haraka." Basi. Hakulirudia tena maisha yake yote. Afadhali angenichapa.

Alhamdulillahi, aliishi miaka mingi baada ya pale. Alimeza vidonge vyake, akala vizuri, na wewe mwenyewe alikubeba mgongoni. Ila utani hakuuacha. Kila wakati wa kula alichungulia jikoni akauliza, "Shaba imeiva?" Wageni walitushangaa.

Kwa hiyo nisikilize, na leo usinyanyuke kabla sijamaliza. Ukiambiwa jambo la afya, likae masikioni mpaka mwisho wake. Kitu mwili unachokihitaji kidogo, usiupe kingi ukadhani unausaidia. Usinywe wala usimnyweshe mtu kitu kwa kuwa umesikia nusu ya habari. Bangili ni pambo, acha iwe pambo. Dawa niliyopewa na daktari, mwenye kunikataza ni daktari. Na ukimpenda mtu, mpende polepole, umuulize kwanza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mapenzi yenye subira, na moyo wenye nguvu za kuwabeba wajukuu wako mgongoni. Haya, nipe kidonge changu na maji, kisha kapakue. Shaba imeiva.