Simu Iliyonyimwa Kazi

Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kisegi, mimi nafundisha Awendo, na simu zetu ni pacha. Kaka yangu alizinunua siku moja kabla ya kuhamia Kanada, moja ya mama, moja yangu, ili tuwe tunaonana uso kwa uso. Na kweli tumeonana, miaka na miaka. Hadi Jumamosi ile niliyoenda Kisegi nikiwa na furaha ya kupasuka, maana mke wa kaka alikuwa amejifungua msichana, na mama alikuwa anasubiriwa ampe jina.

Kwetu Wajaluo jina halichaguliwi tu mezani. Mtoto akilia, nyanya yake anaanza kuwaita marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, huyo marehemu amekuja mwenyewe. Lakini kule waliko, kaka alikuwa na zamu Jumapili kutwa, na Jumatatu asubuhi anaenda kumwandikisha mtoto. Kwa hivyo ilikuwa leo, au mtoto aende na jina la kuokota.

Nikamkuta mama amevaa nguo ya kanisani, simu mkononi, uso umefura. Alikuwa amejaribu kumpigia kaka kwa video, simu ikamwandikia kwamba haitumiki tena. Nikacheka, nikamwambia amebonyeza vibaya. Nikatoa yangu. Nayo ikaniandikia vilevile: simu hii ni ya zamani, tafuta mpya.

Ala! Simu haina hata mkwaruzo. Betri inakaa kutwa, kamera inapiga, tochi inawaka, redio inaimba. Nilipandwa na hasira mpaka mama akaniletea maji ya kunywa. Mtu anakuuzia kitu, unamlipa, unakitunza, kisha siku moja huko huko aliko, bila hata hodi, anakuamulia kwamba kimezeeka. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, hawa wanasema ya kale tupa jalalani. Nikazima, nikawasha, nikafuta ile programu ya video, nikapakua upya. Wapi!

"Haijaharibika," mama alisema. "Imenyimwa kazi tu."

Jirani yetu muuza unga ana simu mpya. Aliposikia habari akaja nayo mwenyewe, na akakaa, maana naye alitaka kuona. Tukapiga. Kaka akatokea kwenye kioo, na mikononi mwake yule mtoto, amelala fofofo. Mama alipiga kigelegele kilicholeta nusu ya soko mlangoni. Mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Halafu tukangoja alie. Akaamka, akapiga miayo, akatutazama, akatulia zake. Mtoto mzuri hadi anakera. Kaka akauliza kama anaweza kumfinya, kidogo tu. Mama akamwambia akithubutu, atapanda ndege aende kumfinya yeye. Mwishowe jirani akakumbuka kwamba duka halina mtu, akachukua simu yake akaondoka.

Hata hajafika langoni, simu ya mama ikaita. Ile ile iliyozeeka. Kaka alikuwa amepiga ya kawaida, ya sauti tu, na nyuma yake kilikuwa kilio cha kupasua mabati.

"Mama, ita majina!"

Nikaongeza sauti hadi mwisho. Mama akasimama, akamwita mama yake mzazi. Kilio. Akamwita dada yake, akawaita shangazi zake. Kilio kikapanda. Mimi nilikuwa naruka ruka pale kama ninayetazama penalti. Akawamaliza watu wa kwao, akaingia upande wa baba, akaita huyu, akaita yule, na kuna mmoja akamruka.

Nilijua ni nani. Ni dani, mama mkwe wake, nyanya aliyetulea. Wale wawili hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Dani alisema mboga za mama hazina chumvi mpaka siku anakufa. Naye mama, dani alipozeeka, alimnyang'anya jembe, akamwambia shamba si lake tena, akae akapumzike. Dani alikaa mlangoni akimwambia kila aliyepita njia kwamba hajaharibika, amenyimwa kazi tu.

"Mama, umemruka mmoja," nilisema.

Akanikazia macho. Nilidhani atanizaba kofi, mimi mtu mzima na watoto wangu. Kaka alikuwa anauliza kama bado tupo. Mama akaisogeza simu karibu na mdomo, akamwita dani kwa jina lake lote, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyokosana nayo.

Kimya. Nikaitazama simu, nikafikiri sasa wameizima kabisa.

Halafu kaka akasema kwa mnong'ono, "Amenyamaza. Anaitazama simu."

Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Nikamkumbatia mama, nikacheza, nikamwambia dani amerudi kuja kuonja mboga zake. Mama hakucheka, wala hakupiga kigelegele. Alikaa chini na ile simu mkononi, akaifuta kioo kwa pindo la nguo yake ya kanisani, akapumua.

"Haya, karibu nyumbani," aliiambia. Kisha akamwambia kaka, "Huyo akikuomba jembe, mpe."