Ufunguo wa Nyumba ya Kompyuta

Ukitaka kumjua Syokau, usiulize ana mbuzi wangapi. Uliza akiita mwethya wanatoka wangapi. Huku Tawa mwethya ni kazi ya mikono ya wote: leo tunachimba matuta kwa fulani, kesho kwako, na hakuna kulipana. Syokau akiita, hata wenye homa walijikokota wakaja.

Ndiyo maana wale vijana wa kampuni ya Nairobi walimtafuta yeye. Wakasema wamechoka kuona kila kitu kikirundikwa jijini. Wanakijiji wajenge nyumba, wao wataleta kompyuta, mtandao na kazi. Watoto watafanya kazi za ng'ambo wakiwa hapa hapa, wakila mahindi ya muthokoi ya mama zao.

Sasa Syokau alikuwa na mwanawe, Kivuva, mwenye diploma ya kompyuta, anayepakia nyanya kwenye malori kule Kibwezi. Unadhani alihitaji kubembelezwa? Alisimama kanisani baada ya matangazo, akasema, "Kama mnanijua mimi ni mwongo, kaeni. Kama sivyo, njooni na ndoo."

Wakaja. Walibeba mchanga kutoka mtoni, wakafyatua matofali, wakaimba. Mbithe, rafiki yake tangu usichana, aliangukiwa na tofali akapoteza ukucha, akacheka tu. Wakajenga meza za simiti kando ya kuta, na fundi akatoboa mashimo ya kupitishia nyaya. Syokau akachagua meza ya dirishani, akasema hii ni ya Kivuva. Ai, nyumba ilipendeza!

Kompyuta hazikuja.

Mwanzoni simu zilishikwa, halafu zikawa zinaita tu. Mwishowe kampuni ilimtuma msichana mmoja mwenye adabu zake. Akapiga picha, akasema, "Mama, nyumba ni nzuri sana. Lakini wenye pesa wanapenda kuwa karibu na wenzao. Wameamua kupanua ofisi ya Nairobi. Huku ni mbali."

"Mbali na nani?" Syokau akamuuliza. "Sisi tuko hapa."

Msichana akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mama huyu alikuwa mbishi. Kila Jumamosi alifungua nyumba, akapangusa meza, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Wanawake walipoomba kuweka mavuno humo, aliwaka. "Panya wakitafuna nyaya, kompyuta zikija mtaniambia nini?" Wakarudi na mavuno yao. Wakaacha hata kumtania njiani. Kivuva naye alikuwa akipiga simu na kuuliza, "Mama, bado?" Siku hizi hupiga akauliza habari za mbuzi.

Mwaka huu matuta ya Syokau yalibomoka. Akaita mwethya. Hakutoka hata mtu mmoja, jamani, hata Mbithe! Alichimba peke yake mpaka mgongo ukakataa, na aibu ikamuuma kuliko mgongo.

Wiki hiyo hiyo mvua ikaja kabla ya wakati wake, ndengu zikiwa zimeanikwa. Syokau alikuwa bado shambani alipowaona wanawake wakipanda kilima kumfuata. Moyo ukamruka. Wamekuja! Akapangusa uso upesi, wasione kwamba amekuwa akilia.

Lakini hawakuwa na majembe. Walikuwa na magunia mgongoni.

"Mama Kivuva," Mbithe akasema, "tunaomba ufunguo. Ndengu zinalowa."

Alisema kwa upole, na Syokau aliona heri angemtukana. Akafungua pindo la leso. Akatangulia, akafungua mlango mwenyewe, akasaidia kutua magunia. Yakajaa juu ya meza zote.

Mbithe akatazama kuta. "Na haya mashimo? Panya wataingilia hapa."

Syokau akatoka nje kwenye mvua, akachota udongo kwa viganja, akaanza kuyaziba. La mwisho lilikuwa pale dirishani, kwenye meza ya Kivuva. Alilitazama kidogo, kisha akaliziba pia.