Sufuria ya Ntheo na Ile Metali ya Maji

Nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke polepole, maana mpaka leo nikiingia kanisani kwetu Kikima kuna akina mama wanaotazama mikono yangu kwanza ndipo wanisalimie. Mimi ndiye Mutheu wa sufuria. Wenzangu wakiolewa hukumbukwa kwa gauni walilovaa, mimi nakumbukwa kwa supu ya mbuzi iliyomwagika mbele ya wakwe, na ubaya ni kwamba kosa lenyewe nililichora kwa mkono wangu mwenyewe, tena likang'aa, tena nikasifiwa.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta pale Emali, na kama mmewahi kushuka Emali saa saba mchana basi joto lake mnalijua, hata kompyuta zinalijua. Yangu mimi ilikuwa na tabia mbaya, ukiiweka kwenye simu ya video kwa muda inaanza kunguruma, inapata moto, halafu inajizima yenyewe bila kuaga (fundi wa kompyuta mwenye kompyuta mgonjwa, hebu fikirieni aibu hiyo peke yake). Sasa ntheo yangu ikawa imekaribia, na kaka yangu Mwendwa, ambaye yuko kazini Qatar na hakupata ruhusa ya kuja, akanipigia akasema anataka kuona kila kitu moja kwa moja, kuanzia mbuzi mpaka maombi, na ole wangu kompyuta izime katikati.

Kwa asiyejua ntheo ni nini, kwetu mwanaume akitaka mke huleta mbuzi watatu nyumbani kwa kina msichana. Dume huchinjwa siku hiyo hiyo, na wazee wa pande zote mbili wakishakula nyama yake mambo yamefungwa, wewe ni mke wa mtu. Isipoliwa, bado wewe ni wa baba yako. Musyoka wangu, anayeuza miche pale Kiboko, mtu mpole ambaye akikasirika husafisha viatu, alikuwa ameahirisha mara mbili, mara ya kwanza mama yake aliugua, mara ya pili kukawa na msiba. Nilikuwa nampenda, siwafichi, na nilikuwa nimechoka kuitwa mchumba.

Basi nikaagiza metali ya maji. Ni metali kweli, inang'aa kama kioo, ila inatiririka kama maji, inakuja ndani ya sindano ndogo, na ukiipaka nyembamba sana kati ya prosesa na kile kipande cha shaba kinachonyonya joto, kompyuta inapoa ajabu. Pakiti ilikuwa na onyo la maandishi mekundu kwamba isiguse alumini kabisa, kwa sababu inaingia ndani yake na kuilainisha mpaka inavunjika. Nililisoma. Nikaifungua kompyuta, nikahakikisha kila kitu mle ni shaba, nikapaka kwa pamba, nikafunga, nikaiwasha na ikakaa kimya kabisa. Niliona raha kiasi kwamba nilisafiri kwenda nyumbani Kikima, siku ya kuamkia ntheo, nikiwa na ile sindano ndani ya mkoba kama mtu anayetembea na cheti chake.

Nilimkuta shangazi yangu Syombua, dada ya baba, ameketi uani na sufuria kubwa la kanisa katikati ya miguu. Yeye ndiye mtunza vyombo wa akina mama wa kanisa, na sherehe iliyopita sufuria lao kubwa lilirudi likiwa dogo (yaani kuna mtu alibadilisha, na shangazi hajamsamehe mtu huyo ingawa hamjui). Kwetu kila sufuria la kuazimwa lazima liwe na alama, wengi hupaka rangi ya kucha, lakini ile ya sufuria hili ilikuwa imeungua ikaisha. Kwa hiyo shangazi alikuwa na msumari, anakwaruza msalaba chini ya ukingo, upande huu mmoja na upande wa pili mwingine, ili hata likigeuzwaje lionekane. Akalalamika kwamba msalaba hauonekani vizuri.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema, ngoja aunty nikuonyeshe kitu. Nikatoa sindano, nikaijaza ile mikwaruzo, nikasugua na pamba, misalaba miwili ikang'aa mpaka majirani wakaitana kuja kuona. Shangazi alinibariki kwa jina la baba yake. Najua mtauliza, Mutheu, si ulikuwa umesoma onyo? Nilisoma, na sufuria ni alumini, hilo pia nalijua tangu nikiwa mtoto. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na alumini ya kompyuta, na kulikuwa na sufuria, na sufuria ni sufuria. Tena msumari ulikuwa umenitayarishia njia, kwa sababu metali ile huingia vizuri zaidi penye mkwaruzo.

Kesho yake wageni wakafika, wakapokelewa na nyimbo, mbuzi wakakaguliwa. Dume likachinjwa na wazee wawili, mjomba wangu Kisilu kwa upande wetu, na Mzee Nzioka wa kofia, mdogo wa baba yake Musyoka, kwa upande wao. Wakakaa na lile sufuria jikoni pale uani mchana wote, na Mjomba Kisilu akatangaza kwamba hakuna mtu wa kuonja, hata chumvi, mpaka wazee waketi. Aliwafukuza wapishi. Alinifukuza hata mimi, mwenye ntheo. Mimi nikaiweka kompyuta mezani chini ya hema, kamera ikaona viti vya wageni na jiko nyuma yao, kwa sababu Mwendwa alisema anataka angalau aone moshi wa kwetu. Kompyuta ilikaa saa nzima, ikakaa ya pili, haikunguruma, haikuzima, na mimi nikapita mbele ya Musyoka nikitembea kwa madaha.

Baba akaniuliza mbele ya watu kama mbuzi hao waliwe, nikajibu waliwe. Kisha mchungaji akaomba. Mnajua maombi yetu, aliombea barabara, akaombea mvua, akaombea wajukuu ambao hawajazaliwa, na sote tumefumba macho tumeinamisha vichwa. Ilipofika amina, Baba akasema nyama iletwe.

Mjomba Kisilu na Mzee Nzioka wakachukua vitambaa, wakashika ukingo, mmoja huku na mwingine kule, palepale penye misalaba. Wakainua, wakapiga hatua kadhaa kuelekea kwa wageni. Nikasikia kitu kikikatika kama biskuti. Mzee Nzioka alibaki amesimama na kipande cha ukingo mkononi, sufuria likapinduka upande wake, na mbuzi wangu wote akaenda chini kwenye vumbi na supu yake, wazee wakaruka nyuma wakiwa wazima, namshukuru Mungu. Mbwa wetu hakusubiri kukaribishwa.

Shangazi akakichukua kile kipande, akakibonyeza, kikamegeka vidoleni. Msalaba ulikuwa bado juu yake, umegeuka kijivu. Akaniangalia mimi, si mtu mwingine.

"Mutheu, ulipaka sufuria ya kanisa nini?"

"Ni ile ya kompyuta, aunty."

Mnafikiri hilo lilisaidia? Mama mmoja alianza kuomba upya. Nikajaribu kueleza mambo ya metali na alumini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu aliyekwenda kwa mganga. Kisha baba yake Musyoka akasimama, akasema kwa upole sana, na upole wake ndio ulionimaliza, kwamba hakuna wa kulaumiwa, lakini nyama haikuliwa. Majike wawili waliobaki wana mimba, hawachinjwi. Kwa hiyo wao watarudi nyumbani, na baada ya mavuno watajipanga waje tena na dume lingine. Nilimwangalia Musyoka, na Musyoka alikuwa anaangalia viatu vyake, na vilikuwa safi tayari. Nikaanza kulia mbele ya watu, kamasi na yote.

Ndipo sauti ikatoka mezani, mimi nilikuwa hata nimesahau kama kompyuta iko.

"Baba," Mwendwa akasema kutoka Qatar, "hiyo mbuzi ililiwa. Mimi niliona."

Baba akaisogelea ile mashine kama anayesogelea nyoka, akamuuliza aliona nini.

"Wakati wa maombi nyinyi mlifunga macho, mimi sikufunga. Uncle Kisilu alikula, na huyo mzee wa kofia pia akakula. Figo waligawana."

Watu wote wakageuka. Mjomba Kisilu, aliyefukuza wapishi kwa mwiko, akafuta mdomo ambao haukuwa na kitu tena, akasema alikuwa anaonja chumvi. Baba yake Musyoka akamgeukia mdogo wake, akamuuliza na yeye je.

"Mimi nilikuwa nasaidia kuonja," akasema Mzee Nzioka.

Wazee wakajitenga kando ya zizi. Tulisikia manung'uniko, kisha tukasikia mtu akicheka, nikajua nimepona. Wakarudi, Baba akasimama mbele yangu akasema mzee wa huku alikula na mzee wa kule alikula, na mbuzi ni mmoja, kwa hiyo aniulize tena, tuhesabu imeliwa ama tungoje mavuno. Nikajibu "imeliwa" kabla hajamaliza, na akina mama wakapiga vigelegele, shangazi akiwa wa mwisho. Tulikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kabichi, bila nyama, na Mjomba Kisilu hakuongezewa.

Sufuria la kanisa nimeshalilipa kwa jipya. Shangazi alilipaka alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, na akaniamuru nisimame ng'ambo ya ua mpaka ikauke. Sindano iko Emali, imefungiwa kabatini, na nimeapa haitavuka tena mlango wa nyumba yoyote inayopika. Kompyuta ni nzima, haijawahi kuzima tena. Na kile kipande cha ukingo Musyoka alikiomba, amekitundika juu ya jiko letu Kiboko, ili nikianza kujifanya najua sana akionyeshe kidole tu, anikumbushe kwamba niliolewa kwa figo moja iliyoibwa watu wakiwa wamefumba macho.