Siku Niliyomruhusu Halima Aende

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la waridi kule Isinya, supavaiza hakuniuliza hata jina. Alinipa makasi, akanionyesha mstari wa kukata, akaenda zake. Ilinikera mno. Nikajiambia nikipata cheo, nitawajua watu wangu.

Cheo nilikipata baada ya miaka mingi, katika pakihausi, yaani banda la kupakia maua. Huko tuligredi: kupanga waridi kwa urefu wa shina na ukubwa wa kichwa. Nilijua nani ananyonyesha na nani ana mume mlevi. Wakubwa waliuita umbea. Mimi niliuita kazi, na bado nauita kazi.

Wiki moja ya Valentine, wakati likizo hufungwa kabisa, Halima, mmoja wa wagredi wangu, alipigiwa simu asubuhi: mama yake amefariki Kitengela. Nilimpeleka kwa meneja.

"Pole sana," alisema. "Lakini niko na oda. Si mwili uko mochari? Ataenda Jumamosi, na sisi tutachanga."

Alidhani kila msiba ni kama wetu sisi Wakristo, wenye mikutano ya matanga wiki nzima.

"Bosi, hawa wanazika leo, baada ya sala ya alasiri," nikamwambia. "Na mama huoshwa na binti yake. Huyu ndiye binti pekee."

"Mama Kioko, ukimruhusu, hicho cheo usahau."

Nilimgeukia Halima. "Vua eproni, mwanangu. Enda."

Nilisimama kwenye meza yake nikagredi mwenyewe hadi jioni, hasira ikinipa kasi.

Kesho yake meneja alitukusanya sote, akanitaka niombe msamaha mbele ya watu. Nikasema, "Hata leo akifiwa mwingine, nitamruhusu." Basi nikarudishwa kukata maua. Wengine walinong'ona kwamba nimejipalia makaa. Nilikata maua hadi nikastaafu.

Siku hizi vijana wanaosomea umeneja huja kwangu hapa Kitengela, wakasikia habari hizi, wakanionea huruma. Wasinionee! Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Cheo kilikuwa cha kampuni, na kampuni ilikichukua. Lakini mama yule alioshwa na mwanawe, na hilo hakuna meneja wa kulifuta.