Kadi ya Kiprugut ya Kwenda Dubai

Usimtajie Weldon habari za Dubai. Atakutazama mpaka ukumbuke una shughuli kwingine. Na ana haki yake!

Weldon ni kedi. Miaka kumi na tisa amebeba mifuko ya gofu katika klabu moja hapa Nakuru, na kumi na mmoja kati ya hiyo amembebea mtu mmoja tu, Kiprugut, mwenye maghala ya mbolea. Kiprugut alipojiunga hakujua hata kushika fimbo. Weldon ndiye aliyemfundisha kusimama, kulegeza mabega na kunyamaza wenzake wakipiga. Hayo ya kunyamaza aliyashika kidogo.

Mwezi wa pili Kiprugut na wenzake watatu wakaanza kupanga likizo: siku saba za gofu huko Dubai, mwezi wa kumi na moja, joto la jangwani likishapungua. Kila Jumamosi walikaa kwenye veranda ya klabu, wakila nyama choma na kuchagua hoteli kwenye simu. Siku moja Kiprugut akamshika Weldon bega mbele ya wote. "Na huyu tunaenda naye. Mimi sipigi bila Weldon. Tafuta pasipoti, kijana."

Kijana! Mtu wa miaka arobaini na minne. Lakini siku hiyo Weldon hakuona ubaya. Pasipoti akaitafuta, akaipata. Kiprugut akataka mazoezi ya ziada kila alfajiri, bila malipo, "si tunaenda pamoja?" Miezi minane Weldon akaloa umande hadi magotini akisaka mipira vichakani. Kwao Keringet mchungaji akamwita mbele ya kanisa, wazee wakamwekea mikono kichwani, wakaombea ndege isitikisike. Mkewe Jepkorir akamnunulia viatu vipya.

Zikabaki wiki mbili. Jumamosi asubuhi, kwenye shimo la kwanza, Weldon akauliza tiketi yake itatoka lini.

Kiprugut akacheka. "Weldon, huko hakuna kedi. Kila mtu anapewa kigari cha umeme. Sasa wewe utaenda kubeba nini?"

"Umejua lini, boss?"

"Tulijua tangu mwanzo. Nilikuwa nakutia moyo tu."

Damu ikampanda Weldon kichwani. Kumtia moyo! Miezi minane ya umande, mikono ya wazee kichwani, kumbe anatiwa moyo kama mtoto anayejifunza kutembea! Nusura autupe ule mfuko kichakani. Badala yake akaubeba, akatembea, maana tajiri alikuwa amesahau jambo moja.

Hoteli ya Dubai haikutaka watu wa kuchimbachimba nyasi zake. Kila mchezaji alitakiwa atume kadi ya hesabu ya mchezo wake ya mwezi huo, mipigo isiyozidi mia moja, yenye sahihi ya kapteni wa klabu. Wenzake walikuwa wameshatuma. Kiprugut, mtu wa dakika ya mwisho, alitegemea kadi ya siku hiyo, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Sasa, katika klabu ile matajiri hawaandiki kadi. Kedi ndiye huhesabu. Na kedi huhesabu kwa huruma. Mpigo uliopotelea kichakani huusahau. Mpira uliolala vibaya huusukuma kwa kidole cha mguu. Kiprugut hajapiga chini ya mia na kumi tangu azaliwe, lakini kwenye karatasi ni mtu wa tisini na tatu, tisini na tano, na amezoea mpaka anaamini.

"Huyu nimemtengeneza mimi mwenyewe," Weldon akajiambia, na hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, ikamchoma zaidi.

Siku hiyo hakusukuma mpira hata mmoja. Ulioingia mchangani ulikaa mchangani. Kiprugut akapiga mara nne kuutoa, Weldon akaandika nne. Kiprugut hakuuliza. Lini aliwahi kuuliza?

Verandani, kapteni, mzee Nderitu, akavaa miwani na kusoma kwa sauti. "Mia na ishirini na moja."

Kiprugut akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Weldon, umeandika nini?"

"Nilichoona."

"Acha ujinga. Andika upya."

"Piga upya, boss."

Mmoja wa wale watatu akaangua kicheko. Kiprugut akamvuta Weldon kando, sauti ikashuka. "Ndugu yangu, usiniaibishe mbele ya watu. Rekebisha tu hiyo kadi. Tiketi yako nakata leo leo, haki ya Mungu."

Hapo Weldon akasita. Tusidanganyane, alisita. Dubai ile ile, hatua mbili mbele yake.

"Leo ndio nimekuwa ndugu?" akasema. "Nenda mwambie kapteni kwamba nimekosea hesabu. Wewe, kwa mdomo wako. Mimi nimechoka kukudanganyia."

Kiprugut akageuka. Wenzake watatu walikuwa wametembea naye mashimo yote kumi na nane, na kila mpira walikuwa wameuona ulikoenda. Akaubeba mfuko wake mwenyewe, akaelekea kwenye gari bila kumwendea kapteni.

Jioni Weldon alifika Keringet, akamwambia Jepkorir kwamba haendi popote, na kwamba kazi ya kumbebea Kiprugut nayo imeisha.

"Na yeye?"

"Naye haendi."

"Basi kesho kanisani," Jepkorir akasema, "tunakaa mbele."