Gundi ya Ngozi na Uso wa Askari

Kitu cha kwanza nilichojifunza katika karakana ile ya kuchora vioo pale Kitale ni kubana pua. Nyuma ya chumba cha kazi, juu ya jiko la makaa, ilikaa sufuria nyeusi ya kuchemshia vipande vya ngozi ya ng'ombe vilivyotoka ghala la ngozi, vikiwa bado na nyama na manyoya. Povu la kijivu lilielea juu, na ndani yake nzi waliokufa wakizunguka polepole. Maji hayo, yakichujwa mara tatu kwa kitambaa, ndiyo yalikuwa gundi yetu ya kushikiza dhahabu kwenye kioo. Harufu yake ilikaa kwenye nywele, kwenye shati la Jumapili, hata kwenye chai.

Nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili na nilijiona mtu. Fundi wangu, Mhindi mzee, hakujua kusoma Kiingereza, lakini alichora herufi zake nyuma ya kioo, kinyume, akitoka kulia kwenda kushoto bila kukosea hata moja. Mimi niliyezijua maana yake nilizikosea kila siku. Bado nilimdharau.

Kazi ile inakwenda kinyume kwa kila hali. Anayechora kwenye karatasi hupaka uso kwanza, akamalizia na ule mng'ao mdogo wa jicho. Sisi tulianza na mng'ao, kisha mboni, kisha ngozi, na mwisho kabisa rangi ya nyuma. Ukikosea mwanzoni, rangi inayofuata inakufichia kosa wewe unayechora. Anayetazama kutoka mbele ataliona siku zote.

Dhahabu yenyewe ilikuja katika vijitabu, jani moja kati ya karatasi mbili, jepesi kuliko ganda la kitunguu. Haishikwi kwa vidole. Fundi alipitisha brashi pana shavuni mwake ipate mafuta kidogo, jani likanata kwenye brashi, akalilaza kwenye kioo kilicholowa gundi. Shavu lake likikauka, alitumia langu. Brashi ilinuka ngozi mbovu na tumbaku.

"Wewe iko shavu nzuri," alikuwa akisema. "Mafuta ya shule hii."

Fundi baiskeli wa jirani alicheka mpaka akaangusha spana. "Ati umesoma ukuwe kopo ya mafuta!"

Niliosha uso mara kumi kwa siku.

Basi siku moja akaja mama mmoja kutoka upande wa Chwele. Mumewe alikuwa amekufa vitani Burma. Alifungua Biblia akatoa picha moja, ndogo kama kiganja cha mtoto, ya askari aliyesimama kando ya kiti.

"Mwanangu, wewe ni wa kwetu?" aliniuliza kwa Kibukusu.

"Ndiyo, mayi," nilimjibu, yaani mama. "Wa Myanga."

"Basi nisemee kwa huyu mzee. Mwili haukurudi, tukazika shina la mgomba badala yake. Nalo limeshaoza. Watoto wananiuliza baba alikuwa namna gani, na iko hii tu. Moshi unaimaliza."

Fundi aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alichora majani ya dhahabu pande zote za kioo, na katikati akaacha dirisha tupu la kuwekea picha. Kisha ikambidi aende Kisumu kutafuta vioo.

"Gundi chemsha mpya," aliniambia. "Chuja tatu. Picha ikishika, ngoja siku nne kauka kabisa. Halafu ndiyo funga nyuma na rangi. Umesikia?"

Nilisikia. Nilipofungua gunia la ngozi nikakuta funza, wanene na weupe, wakitambaa juu ya mikono yangu. Nililifunga. Shuleni tulikuwa tukigandisha karatasi kwa uji wa unga wa ngano, na nikajiambia kwamba msomi hana haja ya kutumbukiza mikono katika uozo. Nilipika kikombe kimoja. Ulikuwa laini, mweupe, unanukia kama mkate. Nilibandika picha. Kesho yake unga ulikuwa bado mbichi, lakini nilitaka kuona kazi imekwisha, nikapaka rangi nyeusi nyuma, nikaufungia unyevu wote ndani.

Fundi aliporudi aliangalia upande wa mbele. "Safi," alisema. Nikaipokea sifa hiyo. Yule mama alifunga kioo kwa shuka, akakibeba mgongoni kama mtoto.

Mvua za masika zikapita. Akarudi nacho vilevile, mgongoni. Akakifungua mezani. Ukungu wa kijani ulikuwa umeota manyoya kutoka kwenye kola ya askari hadi mdomoni. Macho hayakuwapo. Mahali pa paji la uso vijidudu vilikuwa vimekula njia zilizopindapinda. Pande zote, dhahabu ya fundi iling'aa kama siku ya kwanza.

Nilisema haraka, kwa Kibukusu, ili fundi asielewe: "Ni nyumba yako, mayi. Nyumba ya nyasi na kioo haviwezani. Unyevu na moshi ndivyo vimefanya hivi."

Aliinamisha kichwa. "Pengine. Paa linavuja kweli."

Nikashusha pumzi. Katika maisha yangu nimenusa vitu vibaya vingi, lakini sijakutana na kinachonichefua kama ile pumzi niliyoshusha.

Fundi alikuwa ameshageuza kioo. Alikwangua rangi kwa wembe, akatoa kipande cha ule uchafu wa kijani, akakisaga kati ya vidole, kisha akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Nilifumba macho.

"Unga," alisema. "Hii hapana gundi. Hii chapati."

"Unga?" mama aliuliza.

"Mama, nyumba yako hapana kosa. Kosa iko hapa." Kumbe miaka yake ya Kitale ilikuwa imemfundisha Kibukusu cha kutosha.

Alisema "hapa". Hakusema "huyu". Aliniachia nafasi ya kulisema hilo la pili mwenyewe, nami nikaanza kufagia vumbi la rangi sakafuni.

Kisha akaniwekea kioo kipya mbele. "Wewe ndiyo kaa na picha siku mingi. Chora uso."

Nilishika brashi. Askari yule alikuwa na masharubu? Sikukumbuka. Kofia aliivaa au aliishika? Picha ilikuwa mezani kwangu juma zima, nami nilikuwa nimebana pua, nikilikodolea macho gunia. Sikuwa nimemtazama hata mara moja.

Ikabidi mama aniambie. Kwa siku tatu alikuja kila asubuhi kutoka kwa dada yake, kule Kiminini, akakaa juu ya sanduku la vioo, akinieleza mumewe kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sikio la kushoto lilitoka nje kidogo. Hakuwa na masharubu. Alicheka kwa mdomo uliofumbwa. Nilianza na mng'ao wa jicho, kama nilivyofundishwa, bila kujua jicho lenyewe lilikuwaje.

Siku ya tatu fundi akakigeuza kioo. Askari nadhifu alitutazama, mwenye sare na vifungo vya dhahabu. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Watoto hawatajua kwamba siye," alisema. "Mimi nitajua."

Akafunga shuka, akaondoka. Ningeweza kumkimbilia mpaka barabarani nikamwambia ni mimi niliyepika unga, na kwamba paa lake nililisingizia. Badala yake nilikwenda nyuma, nikafungua gunia, nikachemsha gundi. Funza walikuwamo bado. Sikubana pua.