Viti Nilivyoviosha kwa Ajili ya Posa

Sitaki kujitetea. Mtu mzima mwenye shahada mbili, anayeandika makala za kuwaelekeza wenzake namna ya kuishi, akishawatoa wazee watatu wa heshima Ukunda wakiwa wasafi na kuwashusha Msambweni mbele ya wakwe watarajiwa wakiwa wamelowa makalio, huyo hana utetezi, ana habari tu. Na nimeona bora muisikie kutoka kwangu, maana ile inayozunguka mitaani imeongezwa chumvi (eti tulifukuzwa kwa mawe, uongo, hakuna aliyeokota jiwe).

Ugonjwa wangu ni kushuku. Mke wangu Mwanaisha atawathibitishia bila kuombwa. Nashuku mizani ya muuza nyama, nashuku fundi anayetabasamu, nashuku daktari akiniambia sina kitu. Mbuzi wa Idi niliyemnunua Taru sikukubali apakiwe kwenye lori pamoja na mbuzi wa watu wengine, kwa sababu nilikuwa na hakika atabadilishwa njiani nami nitapokea mwenye madoa yale yale lakini mbavu nje. Nikamweka kiti cha nyuma cha gari langu, tukaja tukitazamana kwenye kioo. Akakojoa Mariakani, akakojoa tena tukingoja feri Likoni, na tulipoingia Ukunda akajirusha mbele akamalizia kiti cha abiria. Mbuzi tulimla, Mungu ametuona, lakini harufu yake ikabaki garini kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Ningeizoea, ila mwanangu Rashidi akapata mchumba. Binti anaitwa Zuhura, mwalimu wa chekechea, kwao Msambweni. Siku ya posa ikapangwa, Jumamosi, tufike kabla ya adhuhuri, tuswali na wenyeji wetu, tule, kisha tuzungumze. Kwetu Wadigo mjomba ndiye msemaji, kwa hiyo mbele ya gari angekaa Mjomba Bakari, kaka wa marehemu mama yangu, mzee mzito wa mwili na wa maneno. Nyuma wangekaa Maalim Shee, anayefundisha madrasa mtaani kwetu, na shemeji yangu Athumani, kaka wa Mwanaisha, mtu ambaye ukimwambia siri huipiga pasi kabla ya kuitoa. Mimi kama baba wa kijana kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kuendesha.

"Lipeleke gari kwa wale vijana wanaoosha magari pale stendi," Mwanaisha akaniambia.

Nikamwambia siwezi. Kitambaa wanachofutia tairi za malori ndicho hichohicho wangefutia mahali atakapokaa Maalim, kisha wapulize manukato juu, nami nirudi nyumbani nikiwa na harufu mbili badala ya moja. Nitaviosha mwenyewe. Nitanunua mashine.

Dukani nikakuta mashine tatu, na dada muuzaji, kwa lafudhi mtu wa bara, mchangamfu mno kwa roho yangu (muuzaji mchangamfu ana jambo). Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta vumbi tu, ya pili ya kutoa mvuke, ya tatu ya kunyunyiza maji ya sabuni na kuyavuta tena, yenye tangi mbili, moja ya maji safi na moja ya machafu.

"Mzee, kama ni mkojo wa mnyama, chukua hii ya tatu," akasema. "Ya vumbi haitakusaidia, na hiyo ya mvuke itapika harufu iingie ndani zaidi."

Nikamuuliza kwa nini hanishawishi ninunue ile ya bei ya juu. Akacheka. Nikazidi kumshuku.

"Sasa sikiza poa, mzee wangu. Ukishanyunyiza na kuvuta, usiache hapo. Pitisha tena kavukavu, bila kunyunyiza, mara tano, mara sita, mpaka uone hakuna maji yanapanda kwa hii bomba. Halafu acha milango wazi siku mbili. Juu kitambaa kinakauka haraka, lakini sponji ya ndani inakunywa maji vibaya sana."

Mwingine angeshukuru. Mimi nikasimama pale nikijiuliza huyu dada anafaidika nini nikiendesha mashine mara sita bila kazi. Jibu nikalipata kabla ya kufika nyumbani: injini ichoke, iungue, nirudi kununua nyingine. Na zile siku mbili ni za kunichelewesha tu mpaka muda wa kurudisha mali dukani upite. Nikajipongeza kwa kuligundua hilo. Nikaamua sitamsikiliza, uamuzi mdogo namna hiyo, nikiwa kwenye tuktuk, ile mashine ya tatu mapajani, nikitabasamu peke yangu.

Nyumbani nikaijaribu kwanza kwenye kochi la sebuleni ambalo Mwanaisha huapa ni safi. Tangi ya maji machafu ikajaa maji ya rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nikashuku wameweka rangi ndani ya tangi ili mnunuzi afurahi, nikaifungua, nikaichungulia kwa tochi, nikaisugua kwa kidole. Hakukuwa na rangi.

"Basi mashine ni mbovu," Mwanaisha akasema, akaenda zake jikoni.

Ijumaa baada ya swala nikaanza kazi kwenye gari. Nawaambieni ukweli, ile mashine ilikuwa na raha yake. Unabonyeza kitufe maji yanatoka, unauvuta mdomo wake juu ya kitambaa unaona uchafu unapanda kwenye bomba, unajiona mwanasayansi. Nikanyunyiza kiti cha nyuma mpaka kikanywa, nikaongeza (kwa ajili ya Mariakani), nikaongeza tena (kwa ajili ya Likoni). Nikavuta mara moja tu. Kiti cha abiria nacho vivyo hivyo, na mazulia ya chini. Sabuni ikaisha kabla sijagusa kiti cha dereva, nikasema mbuzi hakukaa huko, basi. Jua la alasiri lilikuwa kali, kitambaa kikakauka. Jioni nikafunga milango na vioo vyote, kwa sababu namshuku paka wa jirani.

Asubuhi nikapitisha kiganja juu ya viti. Vikavu. Vinanukia maua. Mjomba Bakari akafika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, koti juu, bakora mkononi, akachungulia ndani akanusa.

"Leo umejitahidi, mwanangu," akasema.

Kwa Mjomba, hiyo ni hotuba. Nikavimba kichwa.

Saa tano na nusu tukaondoka. Tulipopita Mwabungo nikaona Mjomba anajisogeza kulia, kisha kushoto, kisha anatulia na kukodolea macho barabara kama mtu aliyepokea habari mbaya. Nikanusa. Chini ya maua kulikuwa na kitu kingine. Nikatupia jicho ukingo wa kiti chake nikaona kitambaa kimegeuka rangi kuzunguka paja lake, kimekuwa cheusi, na wallahi, badala ya kuwaza mashine, nikawaza umri wa Mjomba. Mzee wa watu. Kiti changu nilichokiosha jana!

Nikapunguza mwendo karibu na kituo cha mafuta.

"Mjomba, hapa pana choo kizuri."

"Nimekuomba choo?"

"Hapana, nasema tu kwamba kipo."

"Endesha gari."

Kwenye kioo nikamwona Maalim anatazama dirishani, midomo inacheza kwa dua, na Athumani ameupitisha mkono chini ya paja lake, ameutoa, ameutazama, kisha ameugeuza uso polepole akamtazama Maalim kwa huruma ya kutisha. Baadaye ndipo nilipoelewa: kila mmoja alikuwa anamshuku mwenzake, au anajishuku mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.

Nyumbani kwa mzee Kassim, babake Zuhura, wametupangia mapokezi. Yeye na ndugu zake wanne mlangoni na kanzu zao, busati limetandikwa barazani, wanawake wamejaa dirishani nyuma ya pazia.

"Karibuni, karibuni, teremkeni."

Nikashuka mimi. Peke yangu. Nikazunguka nikamfungulia Mjomba mlango.

"Mjomba, tumefika."

"Naona tumefika. Macho ninayo."

"Basi shuka."

"Aanze Maalim."

"Mkubwa hutangulia," Maalim akajibu kutoka nyuma, kwa sauti nyembamba.

Athumani akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Tukabaki hivyo, wao ndani, mimi nimeshika mlango, wenyeji wamesimama juani. Nikaona tabasamu la mzee Kassim linaanza kupungua. Ndugu yake mmoja akamnong'oneza kitu. Ningekuwa mimi ningeshuku vilevile: wazee wa posa waliogoma kuteremka! Wamesikia nini juu ya binti yetu?

"Kuna neno huko garini?" mzee Kassim akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya kukaribisha.

Adhana ikalia. Maalim Shee hajawahi kuchelewa swala kwa sababu ya binadamu. Akashuka, akageuka kufunga mlango, na nyuma ya kanzu yake pakaonekana duara la kahawia, kubwa kama sinia.

"Maskini mzee wa watu!" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Athumani akashuka. Duara lilelile. Mjomba akaona hayo, akakamata bakora, akajinyanyua, na alipojikandamiza kwenye kiti ili apate nguvu maji yakabubujika kutoka kwenye sponji yakachirizika mpaka mlangoni, mbele ya macho ya watu wote. Akayatazama. Akawatazama wenzake nyuma.

"Alhamdulillahi!" akapaza sauti. "Kumbe si mimi!"

Pazia likacheka. Lakini wanaume hawakucheka, kwa sababu mzee Kassim alikuwa amenitazama mimi, juu mpaka chini.

"Na dereva mbona mkavu?"

Kabla sijajibu, Maalim akaniwahi, kwa upole, kama anavyowauliza watoto wa madrasa.

"Mwanangu, maji haya ni ya nini? Tunakwenda kuswali."

Hapo, wapenzi, ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema ni maji tu. Maji na sabuni, mtu anaswali nayo, hayana neno. Aibu ingeishia hapo, ya viti kulowa, na wazee wangekwenda msikitini na kanzu zenye najisi wasimame safu moja na wakwe zetu, swala yao ikiwa shingoni mwangu. Upande wa pili alikuwa Rashidi nyumbani, ameshika simu tangu asubuhi akingoja jibu. Nikamtazama Maalim, nikamtazama mzee Kassim.

"Ni maji," nikasema. "Na sabuni. Na mkojo wa mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa Idi."

"Idi ipi?" akauliza ndugu wa mzee Kassim, maana Idi ilikuwa imepita zamani.

Ikabidi nieleze yote pale juani, Taru, lori, kioo, Mariakani, Likoni, mashine, yule dada na mara zake sita. Nilipofika kwenye siku mbili za kuacha milango wazi mwanamke mmoja nyuma ya pazia alikuwa anapiga kofi paja lake na kusema basi, basi, nitakufa. Mzee Kassim hakucheka. Akaita maji yapelekwe bafuni na nguo zitolewe, wazee wakaoga mmoja mmoja, na swala ya jamaa ikatupita.

Mjomba hakupata kanzu ya kumtosha nyumba nzima. Akatoa posa ya mwanangu akiwa na kikoi cha kuazima na fulana ya timu ya mpira ya mtaa, namba tisa mgongoni, kitovu kikichungulia. Akaisema vizuri kuliko posa zote nilizowahi kumsikia. Kisha akaongeza: "Na huyu baba wa kijana mmemwona. Hana akili ya mashine. Lakini aliulizwa mbele ya watu na hakuficha, na kama angeficha ningemuumbua mimi mwenyewe."

Mzee Kassim akaingia ndani kwa muda mrefu. Akatoka.

"Tumekubali," akasema. "Kwa sharti moja. Siku ya harusi bibi harusi na watu wake watapanda magari yetu, na wazee wenu tutawafuata sisi Ukunda. Gari hili lisipite hapa."

Wakati wa kurudi Mjomba, Maalim na Athumani walikodi gari lao. Nikaendesha peke yangu, vioo vyote wazi. Rashidi akapiga simu nikiwa Gazi, nikasimama pembeni.

"Baba, wamesemaje?"

"Wamekubali."

Alipomaliza kumshukuru Mungu nikamwambia kwamba suala la magari ya harusi tusihangaike nalo, wakwe wamelichukua lote.

"Lote? Kwa nini?"

"Ukarimu tu," nikasema, kisha nikakumbuka Athumani ameshatangulia nyumbani, nikaanza upya na kumweleza yote.

Jioni ile nikapitisha mashine kavukavu mara sita, nikatoa ndoo nzima ya maji meusi, na injini haikuungua. Sijaacha kushuku, umri wangu umekwenda. Ila nimeweka nadhiri moja: simpakii mzee yeyote kwenye gari langu kabla sijavaa kanzu nyeupe na kukaa mwenyewe juu ya kila kiti, dakika kumi kila kimoja, huku nikijikandamiza. Majirani hupita wakaniona nimekaa kiti cha nyuma cha gari lililoegeshwa, peke yangu, kimya, na najua wananishuku.